Nimeacha sigara, sasa nigeuke fundi wa koili?

BARUA

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, zamu ya usiku. Nina mke na watoto wawili. Mdogo ana miaka miwili na ndiye mpekuzi mkuu wa nyumba.

Nilivuta sigara miaka 15, pakiti kwa siku. Januari 2024 niliacha kwa msaada wa zile vepu, yaani sigara za kielektroniki, za kutumia na kutupa. Zilipopigwa marufuku hapa tarehe 1 Juni 2025 nikahamia kifaa chenye tangi dogo na koili za kununua (ule waya unaopashwa moto kugeuza juisi kuwa mvuke), omu 0.8, navuta taratibu kama sigara kwenye wati 15. Juisi yangu ni ya chumvi ya nikotini, miligramu 20 kwa kila mililita, ladha ya embe, tamu kweli kweli. Tangu siku ile sijatia sigara mdomoni.

Kinachoniumiza ni pesa. Koili inaungua kila baada ya siku nne au tano, na boksi la koili tano ni paundi 13. Juisi natumia chupa nne za mililita 10 kwa wiki, kila chupa paundi 3.50. Ukijumlisha ni kama paundi 18 kila wiki. Jamaa mmoja wa kazini, Mswahili mwenzangu wa Mombasa, akaniambia wenye akili wanasuka koili zao wenyewe: waya wa mita 10 kwa paundi nne, mfuko wa pamba paundi tatu, mwaka mzima umetulia.

Nikanunua RTA ya koili moja, yaani atomaiza (kichwa cha kugeuza juisi kuwa mvuke) yenye tangi lake, ya kusukia koili mwenyewe, kwa paundi 28, nikaiweka juu ya modi yangu (kishikio chenye betri) ya chipu, ya betri moja. Nikasuka waya wa Kanthal geji 28, mizunguko sita kwenye kijiti cha milimita 2.5. Nilipofunga mara ya kwanza modi ikaandika kuna shoti. Nikafungua, nikafunga tena, ikasoma omu 1.1. Jamaa akasema panda hadi wati 30 upate ladha. Nikavuta mara mbili, ya tatu koo likawaka kama nimemeza kaa la moto. Pamba nilipoichomoa ilikuwa nyeusi katikati. Nikadhani nimejaza pamba nyingi, nikaipunguza. Usiku ule juisi yote ikavujia mfuko wa koti, na mapumziko ya saa tisa usiku yakanikuta sina cha kuvuta. Asubuhi nikapita kituo cha mafuta nikanunua pakiti ya sigara. Sijaifungua. Imo ndani ya gari mpaka leo, chini ya karatasi za bima.

Sasa jamaa anasema RTA ni ya kuhangaika bure. Anataka kunipa modi yake ya zamani: bomba la shaba lisilo na chipu, juu yake RDA (atomaiza isiyo na tangi) ya koili mbili ya omu 0.2, pamoja na betri mbili za saizi ya 18650. Moja imechanika plastiki yake, nyingine imeandikwa ujazo wa 9900 mAh. Zote bure.

Mke wangu hapendi. Ameniambia, "Ulisema hiki kitu ni daraja la kutokea kwenye sigara. Mbona sasa naona unapanga matofali juu yake?" Sikuwa na jibu. Na Desemba tunasafiri, kwanza Kampala kwa dada yake, kisha Tanga.

Nisaidie. Niendelee kusuka, nipokee hilo bomba, au nirudi kwenye koili za dukani? Au mke wangu ndiye mwenye haki?

Mwenye pakiti kwenye gari

JIBU

Salaam nawe, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limesimama kwenye ile pakiti chini ya karatasi za bima. Umeleta swali la waya na pamba, lakini nyuma yake kuna hofu ya kurudi ulikotoka, na kuna mke uliyempa ahadi na sasa anauliza iko wapi. Nitayajibu yote. Kukuamulia sitakuamulia, maana kifua ni chako, na nyumba ni yenu wawili.

Nikuelewavyo, umeunganisha mambo matatu ukayafanya jambo moja: nani atengeneze koili, umeme utoke kwenye kifaa gani, na nikotini kiasi gani iingie mwilini. Jamaa yako naye ameyafunga kwenye kifurushi kimoja, kana kwamba anayesuka koili lazima avute kwa bomba la shaba na atoe mawingu ya mvuke. Si lazima. Unaweza kusuka koili ya kuvutia taratibu, ukaiweka kwenye modi hiyohiyo ya chipu uliyonayo, kwa juisi hiyohiyo. Tena unaweza usisuke kabisa na bado ukapunguza gharama.

Tuanze na gharama, kwa sababu ndiyo sababu uliyoitoa. Boksi la paundi 13 lenye koili tano ni paundi 2.60 kwa koili. Kwa siku nne au tano kila moja, unatumia kama koili moja na nusu kwa wiki, yaani karibu paundi nne. Juisi ni paundi 14. Ukiweza kusuka vizuri, utakachookoa ni zile nne, kama paundi 200 kwa mwaka, na hapo toa bei ya vifaa. Zile 14 hazipunguzwi na waya. Kisha kuna kodi ya juisi ya paundi 2.20 kwa kila mililita 10, iliyopangwa kuanza Uingereza tarehe 1 Oktoba 2026. Kwa chupa zako nne hiyo ni paundi 8.80 kwa wiki, kabla ya VAT. Kwa hiyo kabla hujasema koili ndiyo inayokula mshahara, itazame ile chupa.

Na chupa hiyohiyo ndiyo inayoua koili zako. Juisi tamu sana hutiwa sukraloso, yaani utamu bandia. Haigeuki mvuke vizuri. Hubaki juu ya waya ikaganda kama sukari iliyoungulia sufuriani. Mililita 40 kwa wiki ni karibu mililita sita kwa siku, na kwa juisi ya namna hiyo koili kufa siku ya tano ni jambo la kawaida, si kwamba duka limekupunja. Ukibadili ukachukua ladha isiyotiwa utamu, kama mnanaa au tumbaku, koili ileile ya dukani inaweza kudumu mara mbili au zaidi. Jaribu chupa moja tu uone. Na koili mpya idondoshee juisi kwenye matundu yake ya pamba, jaza tangi, iache dakika kumi, kisha anza kwa wati 12 kabla ya kupanda. Wengi huunguza koili mpya ndani ya dakika ya kwanza, wiki nzima wakailaumu kampuni.

Sasa jaribio lako. Naona umelihesabu kuwa umeshindwa, ilhali koili yenyewe uliisuka sawasawa. Kanthal geji 28, unene wa milimita 0.32, ina karibu omu 18 kwa mita. Mizunguko sita kwenye milimita 2.5 pamoja na miguu, zile ncha mbili za waya, hula kama sentimita sita na kitu, na hiyo ndiyo omu 1.1 uliyoisoma. Kwa mtu anayevuta taratibu hilo ni chaguo zuri. Yaliyoharibika ni matatu, na kila moja lina sababu yake.

Ile shoti karibu kila mara ni mguu wa koili. Ncha ikibaki ndefu hugusa kuta za kofia unapoifunga, au koili yenyewe imelalia kitako cha chuma. Kata ncha zilingane kabisa na nguzo zinazoishika koili, kwa kikatio chembamba au kikata kucha kizuri. Koili isimame juu ya tundu la hewa, katikati, milimita moja au mbili kutoka chini.

Kuungua kumetokana na zile wati 30. Waya mwembamba wa sentimita sita hauna eneo la kutosha kupokea joto hilo; juisi inakauka kabla nyingine haijapanda. Koili ya omu 1.1 ya namna hii inaishi vizuri kati ya wati 10 na 14. Wati 30 ni za waya mnene. Jamaa yako hakukosea kwa kifaa chake, amekosea kwa chako.

Uvujaji ulitokana na pamba, na hapa ndipo wanaoanza wanapotumia wiki zao mbili za mwanzo. Utaelewa haraka kama umewahi kubadili utambi wa jiko la mafuta ya taa. Tambi zikibana mno mafuta hayapandi, zikilegea jiko linavuta moshi na kulowa. Kwenye koili ni vivyo hivyo, ila kuna sehemu mbili zenye masharti tofauti. Ndani ya koili pamba iwe imejaa: ukiivuta ipite kwa kukwaruza kidogo, koili itikisike lakini isipinde. Nje ya koili, kwenye mikia, iwe nyepesi. Wewe naona ulipunguza pamba yote, pande zote mbili, mfereji wa kupitishia juisi ukabaki wazi na tangi likamwagika.

Ukitaka kurudia, fanya hivi siku ya mapumziko, si dakika 20 kabla ya zamu. Tandika sinia mezani. Skrubu za atomaiza ni ndogo kuliko punje ya mtama na zikianguka kwenye zulia hazirudi. Osha atomaiza kwa maji ya moto kiasi na tone la sabuni, maana mpya huja na mafuta ya kiwandani, kisha ikauke. Funga koili miguu yake ikipita upande ambao skrubu ikigeuka inauvuta waya ndani badala ya kuusukuma nje. Kaza mpaka ishike, halafu acha. Geji 28 ukiikaza kwa hasira inakatika. Chomoa kijiti baada ya kukaza, si kabla.

Weka kwenye modi, soma omu. Ikikubali, bonyeza kwa wati 10, sekunde moja moja, bila pamba. Koili iwake kuanzia katikati kwenda nje, kwa usawa. Mguu ukiwaka kwanza, skrubu imelegea. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake, zima, ngoja ipoe kidogo, ikwaruze taratibu kwa kikoleo cha seramiki kama unayepiga nyuzi za udi, kisha bonyeza tena. Kikoleo cha chuma usiguse nacho wakati umebonyeza. Ikishawaka sawa, kaza skrubu tena kidogo, kwa sababu waya uliopata moto hulainika, usome omu mara ya pili ikiwa imepoa. Namba ikirukaruka kutoka 1.1 hadi 1.4 na kurudi, kuna mahali hapajashika.

Sasa pamba. Chana kipande, kisokote ncha, kipitishe. Kata mikia kwa mshazari, urefu wa kufika chini ya mfereji na si zaidi. Kisha ichane mikia kwa ncha ya kikoleo, utoe nyuzi zilizolegea, mpaka ibaki kama theluthi mbili ya unene uliokuwa nao. Ilalie kwenye mfereji, iufunike wote bila kushindiliwa. Ukiona mwanga mfereji huo utavuja. Ukilazimika kusukuma pamba kwa bisibisi, utaungua. Dondosha juisi mpaka pamba yote ibadilike rangi iwe kama kitambaa kilicholoa, bonyeza wati 10 mara mbili tatu uone mvuke, ongeza matone, funga kofia.

Kuna kitu cha mwisho ambacho maelezo ya kwenye boksi huwa hayasemi. Juisi ndani ya tangi inashikiliwa na hewa: haishuki kwa kasi kwa sababu juu hakuna pa kuingilia hewa. Kwa hiyo funga tundu la hewa kabla ya kujaza, jaza, kaza kifuniko, geuza atomaiza kichwa chini, ndipo ufungue hewa. Ukiyafanya yote hayo na bado inavuja, tazama oringi (pete ya mpira) ya kifuniko na ile iliyo chini ya kioo. Moja ikiwa imekunjwa au imekatika, pamba hata ungeipanga kama maua haitasaidia. Oringi za akiba zilikuja kwenye kile kifuko kidogo ndani ya boksi.

Kwa embe yako tamu, badili pamba kila siku nne au tano. Koili unaweza kuiacha: toa pamba, bonyeza kwa wati chache mara kadhaa uunguze uchafu, suuza kwa maji, kausha, weka pamba mpya. Koili moja ya Kanthal hukaa wiki nyingi hivyo. Usijaribu kuunguza uchafu pamba ikiwa ndani, wala usivute moshi huo.

Nimekaa sana kwenye hili kwa sababu ndilo uliloanza tayari. Lakini chochote utakachochagua, usibaki na kifaa kimoja wakati unajifunza. Saa tisa ya usiku, pamba imeungua, kilichokupeleka kituo cha mafuta ni kukosa mbadala, si udhaifu wa imani. Lile tangi lako la zamani lenye koili ya dukani, limejazwa, likae kwenye begi la kazi mpaka RTA imalize wiki tatu bila kukusumbua. Na kuhusu pakiti yenyewe, sitakwambia itupe. Nakuuliza tu: inakulinda na nini pale ilipo? Wapo wanaoiweka ili wajione wana nguvu, na wapo wanaoiweka ili siku ikifika safari iwe fupi. Wewe unajua yako ni ipi.

Tuje kwenye bomba la shaba. Hapa nitasema wazi zaidi, kwa sababu kosa la pamba linaunguza koo, na kosa la betri linaunguza mtu. Modi isiyo na chipu ni betri, kitufe na koili, basi. Kifaa chako cha sasa kinapima ukinzani kila unapobonyeza. Kikiona shoti kinakataa. Ile shoti yako ya kwanza ilikuwa maandishi tu kwenye kioo. Juu ya bomba la shaba, shoti ileile ingemwaga umeme wote wa betri kwa mkupuo mkononi mwako.

Piga hesabu. Betri iliyojaa ni volti 4.2. Gawa kwa omu 0.2, unapata ampea 21, kama wati 88. Betri halisi kama Samsung 25R imepimwa kwa ampea 20 mfululizo, tayari umevuka. Koili moja ikisogea, omu zikashuka hadi 0.15, unafika ampea 28, na hakuna cha kukuambia. Kwenye modi ya chipu ukivuta kwa wati 12, betri inatoa ampea tatu au nne tu, hata koili iwe ya namna gani, kwa sababu chipu ndiyo inayoamua.

Na betri alizokupa? Hiyo ya 9900 mAh inasema uongo usoni. Betri za 18650 za kampuni zinazojulikana zilizopimwa kwa ajili ya umeme mkubwa ziko kati ya 2500 na 3000 hivi. Anayeongopa kuhusu ujazo ataongopa na kuhusu ampea. Iliyochanika plastiki ni mbaya vilevile: mwili wote wa betri ni hasi, mpaka karibu na kichwa, na ile plastiki nyembamba ndiyo ukuta pekee. Ikigusa bomba au funguo mfukoni, ni shoti. Plastiki mpya inauzwa kwa senti na huvalishwa kwa kikausha nywele, mradi chini yake chuma hakijabonyea. Mei 2018 huko St. Petersburg, Florida, mtu alifariki baada ya modi ya aina hii kumlipukia. Haitokei kila siku. Ila wazoefu wanaozitumia salama wana kipimo cha omu mezani, betri zenye jina, kisanduku cha kubebea, na wanajua kama pini ya chini ya atomaiza imechomoza vya kutosha ili betri isiguse mahali pasipo pake. Ukijiona huko, sawa. Ukijiona bado unahesabu mikia ya pamba, bomba linaweza kusubiri. Unaweza kumshukuru jamaa yako, ukachukua ile RDA peke yake, ukaiweka juu ya modi ya chipu.

Lakini hata RDA ina swali lake. Haina tangi, unadondoshea juisi kwa mkono kila baada ya pumzi chache, jambo gumu kwa mtu wa zamu ghalani. Na kwa koili mbili nene unavuta mvuke moja kwa moja hadi kifuani. Ukitia juisi yako ya miligramu 20 humo, kichwa kitazunguka na tumbo kuchafuka ndani ya dakika chache. Wanaovuta hivyo hutumia miligramu 3 hivi: chupa ya mililita 50 isiyo na nikotini, ukaongeza kichupa kimoja cha mililita 10 chenye miligramu 18. Na huenda wakamaliza kwa siku chache ulichokuwa unamaliza kwa wiki. Kumbuka hesabu ya kodi hapo juu.

Sasa mkeo. Umemsikia kama anayekupinga. Mimi namsikia kama anayeuliza tarehe. Daraja lina mwisho, na hujamwonyesha mwisho uko wapi. Ni kweli pia kwamba huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inasema vepu ina madhara machache kuliko sigara, na miezi yako yote bila moshi si kitu kidogo. Yeye naye anayo haki ya kulisikia hilo. Yote mawili yanakaa nyumba moja. Kusuka kunaweza kukusaidia, kwa kuwa kunakupa kazi ya mikono na kukufundisha unachovuta ni nini. Kunaweza pia kukutia kwenye fani. Wasukaji wengi walianza ili kuokoa paundi nne na sasa wana droo yenye atomaiza sita na waya za kila geji. Jiulize kwa ukweli wako: siku ile uliponunua RTA, ulifurahia kuokoa pesa au ulifurahia boksi?

Ipo njia ambayo hukuitaja, ya kushusha nikotini. Juisi za chumvi zipo za 20, 10 na 5. Ukichanganya nusu kwa nusu chupa ya 20 na ya 10 unapata 15. Kaa hapo wiki kadhaa. Hatari yake ni kwamba mwili hufidia: unavuta mara nyingi zaidi, juisi inaisha haraka, na gharama inapanda badala ya kushuka. Ukiona chupa nne zimekuwa sita, umeshuka upesi mno, rudi nyuma kidogo. Na kama usiku wa kazini unakutisha, vipo vibandiko na wapo washauri wa kuacha sigara wa NHS, bila malipo, ambao hawatakucheka kwa kuuliza habari za koili.

Kuhusu mpekuzi wa miaka miwili, hili halisubiri uamuzi wowote. Chupa moja ya mililita 10 yenye miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 200 za nikotini ndani yake. Kwa mtoto wa umri huo hiyo ni sumu. Chupa, betri, skrubu na vipande vya waya vikae kwenye droo yenye kufuli, na lile tangi lisiachwe juu ya meza hata unapokwenda kujibu mlango. Akimeza, ni simu ya 999 mara moja, si maziwa.

Safari ni fupi kuieleza. Betri zote na kifaa vinapanda na begi la mkononi, kamwe si mzigo wa chini, kila betri ndani ya kisanduku chake. Tangi liwe tupu, maana shinikizo la angani hulivujisha hata lililofungwa vizuri. Na kabla ya yote hayo, Uganda ina sheria ya mwaka 2015 inayokataza kuingiza na kuuza vepu. Kwa hiyo kwa zile siku za Kampala, zungumza na mfamasia sasa hivi kuhusu vibandiko au bablishi za nikotini, uzijaribu Leicester wiki mbili kabla, ili shemeji yako asikupokee ukiwa mkali kama pilipili kichaa.